Radhi Haitolewi kwa Simu

Siku baba yangu alipofariki, msiba wake upande wa Marekani ulianza nyumbani kwangu Crystal, kitongoji cha Minneapolis, na mimi sikuwepo. Watu waliingia, wakasogeza makochi ukutani, wakatandika shuka juu ya zulia na kubandika sufuria kubwa ya chai. Msahafu wangu ulishushwa kutoka juu ya kabati ukasomwa. Aliyekosekana ni mfiwa tu. Mfiwa alikuwa kaskazini, mwendo wa karibu saa tatu kwa gari, kando ya Ziwa Superior, darubini shingoni, akitazama vipanga.

Asiyejua desturi yetu ataona ni ukatili. Kwa kweli ni huruma, ila ni huruma yenye kazi nyingi. Kwetu, habari ya kifo cha mzazi haisemwi kwenye simu. Ndugu wa nyumbani huwapigia watu walio karibu na mfiwa, hao hukusanyika kwake, na mmoja hutumwa kwenda kumchukua popote alipo, kwa uongo wowote utakaomfikisha mlangoni akiwa salama. Ughaibuni tumeikaza zaidi desturi hiyo, kwa sababu mtu anaweza kupokea simu akiwa peke yake kwenye barabara kuu, mikono ikiwa kwenye usukani. Mimi mwenyewe niliwahi kutumwa. Nilimfuata kijana mmoja kazini kwake, kwenye ghala huko Eagan, nikamwambia bomba limepasuka juu ya fleti yake na maji yanaingia chumbani. Njia nzima alikuwa akitaja vitu vyake kwa sauti: televisheni, kompyuta, vyeti, magodoro. Alipofungua mlango akakuta watu wamejaa sebuleni, na hakuna hata mmoja aliyeshika ndoo.

Kwa hiyo mbinu hizo nilizijua zote. Ndiyo maana sikudanganyika, na ndiyo maana asubuhi ile ilikuwa ndefu.

Zilikuwa zama za kadi za simu, zile za kukwangua namba, tulizonunua kwenye maduka ya Wasomali mjini Minneapolis. Kila Jumamosi nilipiga Tanga. Baba alikuwa mkuu wa stesheni mstaafu wa reli, na hata kwenye simu alizungumza kama mtu anayeruhusu treni: kwa ufupi, akihakikisha umeelewa. Mwisho wa kila mazungumzo nilimwomba radhi, kama mtoto anavyomwomba mzazi aliye mbali. Kila mara alicheka na kukataa.

"Radhi si salamu," alikuwa akisema. "Njoo uichukue."

Haukuwa ugomvi. Ilikuwa imani yake. Miaka yake yote kazini, alinieleza, simu ya stesheni ya mbele ingeweza kusema njia ni nyeupe, lakini dereva hakuondoka mpaka idhini ya kuondoka iwekwe mkononi mwake. Kitu kikubwa hukabidhiwa mkono kwa mkono. Radhi ya mzazi, kwa maoni yake, haikuwa ndogo kuliko treni ya mkonge. Angeitoa nikiwa nimepiga magoti mbele yake, mkono wake ukiwa kichwani kwangu, basi.

Nami sikuweza kwenda. Kabla ya kuja kusoma nilikuwa mwandishi wa habari Dar es Salaam. Baada ya masomo nikapata kazi katika ofisi ya bima huko Golden Valley, kazi ya kukagua madai ya ajali za magari. Maombi yangu ya ukaazi yalikuwa serikalini. Mwanasheria alinieleza kwa lugha iliyo wazi kwamba nikitoka nchini kabla ya kupewa ruhusa ya kusafiri, maombi yote yamekufa. Ruhusa nilikuwa nimeiomba. Kila jioni nilifungua sanduku la barua kabla ya kufungua mlango wa nyumba.

Mwezi wa nane baba alipigwa na kiharusi, upande wa kulia. Kwa wiki chache alikuwa akiletewa simu sikioni, akitamka neno moja moja, na neno alilolitamka vizuri kuliko yote lilikuwa "Njoo." Kisha ikaja Jumamosi ambayo kaka yangu mkubwa alisema baba amelala. Iliyofuata akasema amelala. Nikampigia shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akimuuguza. Naye akasema amelala, amekunywa uji, hajambo kidogo. Kaka pia alikuwa amesema: amelala, amekunywa uji, hajambo kidogo. Kazini kwetu mashahidi wawili wakitumia maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, tunajua walikutana kabla ya kuandika.

Nilianza kuishi kama mtu anayesikilizia mlango. Ofisini nilisoma ukurasa mmoja mara tatu. Usiku nilihesabu tofauti ya saa kati yetu na Tanga badala ya kulala. Ndipo mke wangu aliponikumbusha kwamba tangu kiangazi nilikuwa nimejiandikisha na rafiki yangu kwenda kutazama ndege, Jumamosi na Jumapili, safari ya kuongozwa kando ya ziwa.

"Nenda," alisema. "Hapa unaitazama simu mpaka nayo inaogopa kulia."

Rafiki huyo ni Mkenya wa Nakuru, muuguzi kwenye nyumba ya wazee. Alijifunza ndege kazini. Mzee mmoja asiyeweza kutoka kitandani alikuwa na kibanda cha mbegu nje ya dirisha lake, na alimlazimisha amtajie kila ndege aliyetua kabla ya kukubali kumeza dawa. Mzee alipokufa, alimwachia darubini. Mimi nilivutwa tu, kama watu wanavyovutwa kwenye mchezo wa karata. Yeye aliniita boss, nami nilimwita bwana mkubwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kucheka Kiswahili changu. Alidai Mtanzania akitaka chumvi mezani anaiomba kama anaposa.

Jumamosi tulisimama kwenye kilima kilicho juu ya mji wa Duluth, tukiwa na watu wengine wanane na mwongozaji, mama wa Kizungu, mwalimu mstaafu wa baiolojia, mwembamba, mwenye kofia ya sufu iliyofunika nyusi. Majani ya miti yalikuwa yamegeuka manjano yote kwa pamoja na ziwa chini yetu lilikuwa la rangi ya bati. Alitueleza kwa nini ndege wote wanapita pale. Vipanga hutoka Kanada kukimbia baridi, wakishuka kusini. Wakifika ziwani hawavuki. Juu ya maji yale baridi hakuna hewa ya joto ya kuwainua, na ng'ambo haionekani. Basi hugeuka na kufuata pwani, siku nzima, mpaka ziwa linapoishia, ndipo waendelee na safari yao.

Alikuwa na sheria moja. Usitaje jina la ndege mpaka umetaja ulichokiona. Mkia mrefu au mfupi, mabawa yamechongoka au ya mviringo. Watu wengi, alisema, wanaona wanachokitamani, halafu wanatafuta manyoya ya kukithibitisha.

Alituonyesha ndege kwa uso wa saa: mbele yako ni kumi na mbili, kulia tatu, kushoto tisa. Mimi na saa tumelelewa kwa namna nyingine. Kila aliposema tatu kwa Kiingereza, shingo yangu ilikwenda kushoto kwenye saa tatu ya kwetu, na kundi zima likawa linatazama kulia.

"Boss," Mkenya aliniambia, "ndege wako huku. Huko unaangalia Tanga."

Nilicheka. Naikumbuka kwa sababu ndiyo mara ya mwisho aliyonitania katika safari ile.

Jioni tulilala kwenye moteli ndogo mbele zaidi kwenye pwani ile, mahali ambapo simu yangu haikuwa na mtandao kabisa. Yake ilishika ukisimama kwenye kona moja ya maegesho. Karibu na moteli palikuwa na kituo cha mafuta chenye simu ya umma ukutani, nami nilikwenda na kadi yangu. Tanga ilikuwa usiku wa manane na simu ya kaka ilizimwa, jambo la kawaida. Nikampigia mke wangu. Sauti yake ilikuwa nzito. Alisema ana mafua. Aliniambia nile, nilale, nisiwaze, kisha akaniaga kabla sijamuuliza la pili. Mke wangu si mtu wa kukata simu kwanza.

Asubuhi ya Jumapili mwongozaji alitupeleka ufukweni kutazama ndege wa majini wanaopumzika kabla ya kuendelea na safari. Ufuko wenyewe hauna mchanga, ni kokoto tupu, za mviringo kama viazi, na kila wimbi likirudi zinagongana. Nilikuwa nimekaa juu ya gogo lililotupwa na maji. Mkenya akaja na vikombe viwili vya chai. Changu kilikuwa na maziwa na sukari iliyokwisha kukorogwa. Alikipangusa pembeni kwa leso kabla ya kunipa. Akachukua darubini yangu akaifuta vioo, kimoja kimoja, akanivika tena.

"Umelala poa, kaka?" aliniuliza.

Hakuwahi kuniita kaka kabla ya hapo.

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa kwenye maji, kwenye ndege mmoja mweusi aliyezama na kuibuka mbali na pale alipozamia. Baada ya muda alisema gari lake linafanya kelele.

"Kelele gani?"

"Kelele flani hivi. Huko chini."

"Jana halikuwa na kelele."

"Imeanza leo. Afadhali tu-go mapema, nisije nika-break down huko highway."

Gari bovu ni ndugu yake bomba lililopasuka. Sikuwa na haja ya kuuliza zaidi, ila niliuliza, kwa sababu wakati huo akili yangu ilikuwa imeshika kitu kimoja na haikutaka kukiachia: kwamba hajaniambia. Nikiingia kwenye gari lile, nitateremka mlangoni kwangu, na pale kuna watu watakaonishika mikono, na baada ya hapo hakuna tena baba wa kumwomba kitu. Lakini pale nilipokuwa mimi, juu ya kokoto zile, hakuna aliyekuwa amesema lolote. Na kuna daraja moja kabla ya kifo, nalo linajulikana: mtu huwa mahututi, na ndugu huanza kuwakusanya watu mapema. Nimeona hivyo pia. Huenda alikuwa bado anapumua. Huenda palikuwa na dakika.

"Nani amekupigia?" nilimuuliza.

"Hakuna."

"Bwana mkubwa, mimi kazi yangu ni kusoma uongo wa watu kuhusu magari."

Alikaa kwenye gogo. Mtu huyu amefumba macho ya wafu wengi kuliko imamu, lakini desturi yetu ilimshinda. Kwao, alinieleza baadaye, mtu anaambiwa, analia, watu wanakuja. Hakuwahi kubebeshwa mfiwa asiyejua kuwa ni mfiwa.

"Ni shemeji," alisema, akimaanisha mke wangu. "Ameniambia nikurudishe nyumbani polepole. Na usipige simu kokote."

"Kwa nini nisipige?"

"Hiyo hakusema."

"Alisema baba amekufa?"

"Hakusema."

"Alisema yuko hai?"

"Hakusema hiyo pia. Please, wacha maswali. Twende."

Nilikataa. Nilimwambia siingii kwenye gari mpaka nimezungumza na Tanga. Alinishika mkono wa koti, mimi nikaung'oa, chai ikamwagika kwenye kokoto. Watu wa kundi letu waliacha kutazama ziwa wakatazama viatu vyao. Mwongozaji alikuja akauliza kwa upole kama kuna mgonjwa. Mkenya akasema gari. Mimi nikasema baba yangu. Mama yule alitutazama kwa zamu, kisha akaniuliza swali ambalo nilitamani mtu wa kwetu aniulize: ninahitaji nini sasa hivi? Nikamwambia simu. Akasema simu ya kituo cha mafuta ni mwendo mfupi kwa miguu. Alichukua darubini shingoni kwangu kama unavyomvua mtoto mkoba, na nikaanza kwenda.

Mkenya alinifuata kwa nyuma. Njiani nilimwuliza jambo moja tu, nikamwomba anijibu kwa sheria ya jana: asiseme anachodhani, aseme alichosikia.

"Nilisikia shemeji analia," alisema. "Na nyuma yake watu wanaongea. Wengi."

Simu ile ilikuwa ukutani nje, bila kibanda, na malori ya magogo yalipita nyuma yangu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilikosea namba ya kadi nikaanza upya. Tanga ilikuwa jioni, jua likikaribia kuzama. Iliita muda mrefu. Kaka akapokea.

Nilimwamkia. Aliitikia marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa, ile sauti ya mtu aliyeipanga. Aliuliza hali ya mke wangu na mtoto. Aliuliza baridi imeanza.

"Kaka, baba yukoje?"

"Yupo."

"Yupo vipi?"

"Yupo, mdogo wangu. Amelala."

Nikamwambia mambo nitakayoyakumbuka siku zote, ingawa sikuyapanga. Nilimwambia simwulizi tena hali ya baba. Nilimwambia simtaki anieleze, wala anidanganye, wala anifariji. Nataka aende chumbani, aweke simu sikioni kwa baba, na aiache hapo mpaka nimalize. Kama jambo hilo haliwezekani, aseme haliwezekani, nami nitaelewa na nitakata simu.

Kwenye waya palikuwa na mlio wa mbali, kama maji ndani ya bomba. Nilingoja aseme haliwezekani.

"Haya," kaka alisema.

Nilisikia hatua, mlango, sauti za wanawake zikishuka ghafla. Halafu nilisikia mtu anasoma. Ilikuwa Yasini, kwa sauti ya kiume, bila haraka. Nilimjua msomaji: mwalimu wa madrasa, jirani yetu, aliyenifundisha mimi herufi. Na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu Yasini kwetu husomwa kando ya mtu anayekata roho, ili imsahilishie, na husomwa vilevile mtu akiisha kukata. Sura ni moja.

"Nimeweka," kaka alisema kwa mbali. "Sema."

Nikamwamkia baba. Nikangoja, kwa mazoea, muda wa marahaba. Kisha nikasema nipo kando ya ziwa kubwa ambalo ng'ambo yake haionekani, na kwamba wakati huo huo vipanga walikuwa wakipita juu ya kituo cha mafuta, chini chini, mmoja mmoja, na ilikuwa kweli, walikuwa wakipita. Nikamwambia karatasi hazijatoka. Nikamwambia natazama sandukuni kila siku.

"Baba, naomba radhi yako," nilisema. "Najua umesema nije niichukue. Leo nakuomba unipe hivi hivi."

Niliubana mkono wa simu sikioni mpaka likauma. Nilitafuta pumzi. Mtu aliyepigwa kiharusi hupumua kwa kishindo, ningeisikia. Lakini feni ilikuwa ikizunguka, na msomaji alikuwa karibu, na lori likapita nyuma yangu katika sekunde ambazo nilizihitaji kuliko zote. Sikusikia pumzi. Siwezi kusema haikuwepo. Niliyoyasikia ni feni, Yasini, lori.

Kaka alirudi kwenye simu.

"Amesikia, mdogo wangu. Amekuwia radhi."

"Amesema?"

"Ameashiria."

"Kwa mkono upi?"

Msikiti wa mtaani kwetu ulianza kuadhini, nikausikia pande mbili, kwenye simu na kichwani.

"Magharibi hiyo," alisema. "Acha nikaswali. Wewe rudi nyumbani. Usikae kwenye baridi."

Mkenya alikuwa amesimama kando ya pampu ya mafuta, mikono mfukoni, kama anayesubiri daktari atoke. Nilimwambia nimezungumza na baba. Uso wake ulifanya kitu ambacho mpaka leo sijui kukitafsiri. Ulifurahi, kisha ukaogopa furaha yake.

"Kweli?" alisema.

"Ndiyo. Twende sasa."

Gari halikuwa na kelele yoyote. Tulishuka kusini, ziwa likiwa kushoto kwetu mpaka likaisha. Alinipa maji, alinipa tofaa, alipunguza joto la gari, akaliongeza. Neno pole lilikuwa mdomoni mwake njia nzima, nami niliona anavyolimeza, kwa sababu kulisema kungekuwa kuniambia. Mimi nilikuwa nikijenga hoja. Kama baba angekuwa amekufa, kaka asingethubutu kuiweka simu kwenye sikio la maiti. Kaka ni mtu wa dini. Halafu nikajijibu: kaka ni mtu wa dini, na ana mdogo wake anayelia kando ya barabara, ng'ambo ya dunia, na mbele yake kuna njia moja ya kumtuliza. Nilifika Duluth nikiwa upande mmoja, nikafika Hinckley nikiwa upande wa pili.

Mtaani kwetu magari yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili mpaka kona. Niliyajua karibu yote.

Wazee wa jamii yetu walikuwa wamejipanga vizuri. Mmoja wao, ambaye hufanya kazi hiyo kwa kila mtu, alikuwa ameketi karibu na mlango, tayari kunishika bega na kuanza na maneno ya kwamba sisi sote ni wa Mungu. Lakini binti yangu wa miaka saba aliona gari dirishani akamtangulia. Anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Alifungua mlango, akanikumbatia kiunoni, akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti safi ya darasani, kwamba babu wa Tanga amekufa na kwamba mama alilia jana na leo.

Sebule yote ilisikia.

Jana na leo. Nilianguka, walinishika, walifanya yote waliyokuja kufanya, na walifanya kwa upendo. Lakini ndani ya kilio changu kulikuwa na mtu mwingine aliyekaa wima, aliyesikia neno jana na kuliandika.

Nilisubiri watu watawanyike, siku kadhaa. Ndipo nikamwuliza mke wangu. Alisema Jumamosi alilia kwa hofu, kwa sababu kaka alimpigia kumwambia baba yuko mahututi. Jumapili ndipo akaambiwa amefariki. Nikamwuliza aliambiwa kabla au baada ya mimi kupiga. Alisema siku ile hakutazama saa. Nilimwuliza mzee wa mlangoni aliitwa lini. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," alisema, "saa anaijua aliyemchukua. Wewe shika radhi uliyopewa." Habari ya radhi ilikuwa imeshafika kwa kila mtu, kaka alikuwa ameisambaza, na kina mama walioniletea chakula walisema nina bahati, baba ameondoka akiwa amenitamkia. Habari ilipowafikia, ishara ilikuwa imegeuka maneno.

Alizikwa Jumatatu asubuhi. Hilo nililipigia hesabu kwa muda mrefu. Sisi hatumlazi maiti bila sababu: angekufa Jumamosi, au Jumapili mapema, wangemzika Jumapili kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo alikufa Jumapili jioni, na simu yangu ilimkuta. Nililala na hesabu hiyo wiki nzima, nikapata nafuu. Kisha nikakumbuka kwamba dada yetu alikuwa akisafiri kwa basi kutoka Mwanza, na kwamba alifika Jumapili usiku. Huenda walimngoja yeye.

Ruhusa ya kusafiri ilitoka majira ya baridi, wakati haina kazi. Nilikwenda Tanga miaka miwili baadaye, nikiwa na karatasi kamili. Kaka alinipeleka makaburini. Juu ya kaburi la baba kuna kibao cha saruji kilichoandikwa kwa msumari kabla hakijakauka: jina, mwezi, mwaka. Siku haipo. Kaka alisema fundi aliandika herufi kubwa mno, nafasi ikamwishia. Baba alikufia nyumbani, kwa hiyo hakuna karatasi ya hospitali.

Tulipokuwa tukirudi nilimwuliza, taratibu, baba aliashiria kwa kitu gani. Alisema kwa macho; aliyafumba na kuyafumbua. Jioni, shangazi akinimiminia chai, alinisimulia bila kuulizwa jinsi baba alivyouinua mkono wa kushoto nilipoomba radhi, akauweka hewani, kama anayeuweka juu ya kichwa cha mtu. Kaka alikuwa ameketi palepale. Hakumsahihisha. Alisimama akaenda kufunga mlango wa uani ambao haukuwa wazi.

Kati ya waliokuwa chumbani wakati ule, amebaki mmoja ambaye sijamwuliza, naye ni mwalimu aliyekuwa akisoma Yasini. Yeye anajua alikuwa akimsomea nani, aliye hai au aliyekufa, na sidhani kama anajua kusema uongo. Amehamia Pemba kwa mwanawe. Namba yake nimepewa na watu wa msikitini, na nimeipiga tangu niliporudi Crystal, nyakati tofauti, asubuhi kwangu, jioni kwake. Inaita. Bado hajapokea.